Binti wa Kinyozi Kaingia Usalama

Kama hujawahi kusikia unywele ukianguka sakafuni, basi hukuwapo siku kinyozi wetu alipotangaza kwamba binti yake kaingia usalama. Mimi nilikuwapo, na niliusikia. Ulianguka mmoja, ukafuata wa pili, kila mmoja na kishindo chake kama sinia juu ya saruji. Dereva wa lori alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado kichaka. Aliinuka na shuka lake shingoni, akasema amekumbuka ameacha sufuria jikoni, akatoka. Mwanamume yule hajawahi kupika hata chai. Wapo wanaosema alitembea ubavu ubavu mwezi mzima, akiuonyesha ulimwengu ule upande ulionyolewa tu. Sina hakika na hilo. Lakini shuka hakulirudisha.

Duka la kinyozi lilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, bakuli la maji, redio, na benchi. Benchi ni langu. Nywele sina hata moja, lakini tangu nistaafu ufundi wa lifti sijapata mahali pengine ambapo mtu anakaa asubuhi hadi adhuhuri bila kununua kitu wala kuulizwa kafuata nini. Kinyozi alizoea kuwaambia wateja kwamba mimi ni kama saa ya ukutani iliyosimama: kazi haifanyi, ila ukiitoa, ukuta unaonekana uchi.

Binti yake tulimwita Kufuli. Si kwamba mdomo wake ulifungwa. Mdomo ule haukuwa na hata komeo. Tulimwita hivyo kwa kuwa tangu mdogo hakuna kufuli lililomshinda. La duka alilifungua kwa kibanio cha nywele. La baiskeli yangu alilifungua kwa jino la kitana. La mwenye nyumba, naapa, alilitazama tu kwa muda mrefu mpaka likaona aibu likafunguka lenyewe. Na kila alilofungua alilirudisha kwa mwenyewe, akamwambia: "Hili bovu. Nimelifungua mimi, na mwizi atalifungua vilevile. Nunua jingine." Watu walimkasirikia yeye badala ya kufuli.

Alipofika mwaka wa tatu wa shahada ya sayansi ya kompyuta, chuo kikawataka wachague mchepuo. Miaka miwili ya kwanza wote hupikwa chungu kimoja, alinieleza, halafu kila mtu anapakuliwa kwenye sahani yake. Kulikuwa na mchepuo wa akili bandia, kulikuwa na wa kutengeneza michezo ya kompyuta, kulikuwa na wa mifumo ya biashara, ambao ulikuwa kimbilio la waliochoka. Na kulikuwa na usalama wa mitandao. Huu ndio uliokuwa na viti vichache kuliko yote, na wenye kuutaka walifanyiwa mtihani wake peke yake.

Kufuli akapita.

Mtoto wa dobi, yule mwenye duka la kufulia na kupiga pasi ng'ambo ya barabara, alifanya mtihani huohuo. Kijana tulimwita Pasi, kwa sababu ya pasi za baba yake, si kwa sababu ya kupasi, maana hilo halikuwa fani yake. Alikosa kwa tundu la sindano. Chuo kikamwambia asubiri: akitokea mmoja wa waliopata akahama mchepuo kabla ya Ijumaa ya mwisho, yeye ndiye wa kwanza kuingia. Baada ya Ijumaa hiyo mlango unafungwa, na aliye ndani yu ndani, aliye nje yu nje.

Sasa rudi siku ile ya unywele. Kufuli alimpigia baba yake simu toka chuoni, mashine ya kunyolea ikinguruma. "Baba, nimepata! Nimeingia usalama wa mitandao!" Mashine ikala nusu ya pili ya maneno. Kinyozi akasikia usalama, na huku kwetu, ukisema mtu kaingia usalama, hakuna anayeuliza usalama wa nini. Ni wale. Wale ambao ukikaa nao meza moja unakunywa chai yako haraka.

"Wazee," kinyozi alisema, akiweka simu mezani kama mtu anayeweka yai, "binti yangu kaingia usalama."

Ndipo dereva akakumbuka sufuria. Muuza nyama, aliyekuwa katikati ya kuwachambua wakubwa wa nchi mmoja mmoja kama anayegawa nyama ya mbuzi, akabaki kinywa wazi, kisha akasema kwa sauti kubwa, akiielekeza kwenye redio, "Ila tukisema ukweli, wanajitahidi!"

Dobi alikuwa mlangoni na mashati ya watu mkononi. Alijua vizuri usalama wenyewe ni wa nini. Mwanawe alikuwa akiulilia nyumbani wiki nzima. Nilimwona akifungua mdomo kusema. Halafu nilimwona akiufunga, akaunyoosha kama kola.

"Hongera sana, jirani," akasema. "Jambo kubwa hilo. Basi sisi wengine tuchunge ndimi."

Na kinyozi, badala ya kuuliza tuchunge kwa nini, akavimba.

Siku za mwanzo zilikuwa za asali. Muuza nyama alimletea maini bila kuombwa, yamefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida alibisha hodi kwa teke, alikuja akiwa ameshika kofia mkononi kuuliza kama bati la choo bado linavuja. Lilikuwa linavuja miaka yote. Likazibwa kabla jua halijazama. Mtu akimuuliza kinyozi habari za binti, hasemi ndiyo, hasemi siyo. Anainua nyusi, anakonyeza kwenye kioo, anasema, "Hayo mengine siwezi kuyazungumza hapa."

Jioni moja nilimwambia, "Kinyozi, mtoto kaniambia ni mambo ya kompyuta."

"Najua," akasema. Kumbe alikwishaambiwa, binti mwenyewe alikuwa amemrudia maneno polepole kwenye simu. "Lakini, mzee, wewe umewahi kula maini ya bure?"

Asali ni tamu, ila nyuki wana mwenyewe. Watu walimheshimu sana kinyozi, na mtu unayemheshimu namna ile humpelekei koo lako aliwekee wembe. Kwanza walikuja wakanyamaza. Wakanyolewa kama maiti wanaooshwa, wakalipa, wakaenda. Kisha wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kila aliyepita alisimama kidogo kwa dobi, na dobi, akiwa anarusha maji juu ya shati, alimwambia neno lilelile: "Mimi sisemi kitu. Ila kuta zina masikio, na masikio yana mshahara."

Kufuli alipokuja mwisho wa wiki alikuta benchi lina mimi peke yangu, na nje wateja wa zamani wa baba yake wamesimama kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Akacheka sana. Akatoka, akawavuta ndani kwa mikono, muuza nyama, dereva wa lori na dobi mwenyewe, akawakalisha.

"Wazee wangu, nisikilizeni. Ni usalama wa mitandao. Nalinda kompyuta, basi."

"Unazilinda na nani?" akauliza dereva.

"Na wezi."

"Wezi gani?"

"Yeyote. Humjui mpaka umfuatilie."

"Umfuatilie," muuza nyama akarudia taratibu.

"Ndiyo. Unaangalia kapita wapi, wakati gani, kawasiliana na nani."

"Kawasiliana na nani."

"Si kwa sikio, mjomba! Kwenye mtandao. Kila kinachopita kinaacha alama, wewe unazisoma alama."

"Na simu zetu hizi?"

"Simu nayo ni kompyuta tu."

Muuza nyama alitoa simu yake mfukoni, akaitazama kama mtu anavyomtazama mke baada ya kuletewa habari zake. Akaizima. Akataka kutoa betri, na simu yenyewe haikuwa ya kutoa betri, akaendelea kuivuta mpaka ikalia ka! mikononi mwake.

"Lakini," dobi akasema kwa upole, upole wa pasi ambayo bado hujaigusa, "wewe hutafanya kazi na serikali, mwanangu. Waambie."

Na Kufuli, ambaye hakuwahi kujifunza kudanganya kwa kuwa hakuwahi kuhitaji, akasema, "Nikiajiriwa nitafanya. Serikali nayo ina kompyuta."

Waliaga kwa adabu sana. Mmoja alitoka akirudi kinyumenyume.

"Mtoto mkweli huyu," dobi akasema, akimpapasa bega. "Kayasema yote mwenyewe."

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Duka lilikuwa tupu hata inzi waliingia, wakakuta hakuna mtu, wakaona haya kukaa peke yao. Kinyozi alikuwa akikata hewa kwa mkasi ili mkono usisahau kazi. Aliyebaki kuja ni dobi tu. Alikuja mara nyingi mno, na kila alipokuja alinyolewa, mpaka kichwani pake hapakubaki cha kunyoa isipokuwa mawazo.

"Ndugu yangu," alisema siku hiyo, macho kwenye kioo, "duka la kinyozi si mkasi. Duka la kinyozi ni maneno. Watu wanaleta vichwa wapate pa kutua maneno yao. Nani atatua maneno kwenye duka lenye masikio?"

"Nifanye nini, dobi?"

"Mimi ni nani nikushauri? Kazi yangu kunyoosha nguo. Ila nasikia kuna kitu akili bandia. Ndiyo habari ya mjini. Binti mwenye kichwa kama yule, atatisha huko. Na mwisho wa kubadilisha ni leo."

"Umejuaje kuwa ni leo?" niliuliza toka kwenye benchi.

"Babu, wewe soma gazeti lako."

"Nimelimaliza."

"Lisome kinyumenyume."

Kinyozi akampigia binti yake simu, akamwambia njoo, naumwa. Alikuja mbio, jasho limemlowesha, akamkuta baba yake amesimama wima na mkasi. Dobi alikuwa amekwisha vuka barabara, lakini dirisha la duka lake lilikuwa wazi na pasi haikusikika.

"Unaumwa nini?"

"Hili," kinyozi akasema, akionyesha viti. "Badilisha, mama. Achana na huo usalama. Chukua akili bandia."

Kufuli alikaa. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa, kama siku zote. Baba yake alimnyoa mwenyewe kila mwisho wa mwezi tangu akiwa na meno ya utoto, na alijivunia kwamba hajamtoa hata tone la damu.

"Baba, unajua nani anasubiri kiti changu? Pasi. Ndiye wa kwanza. Mimi nikitoka asubuhi, yeye anaingia mchana. Na anayewatisha wateja wako ni nani? Huoni?"

"Dobi ndiye kichwa pekee kilichobaki dukani humu."

"Kichwa cha fisi."

"Usimtukane mteja."

"Ungesema neno moja siku ile. Mitandao. Neno moja tu! Ukaletewa maini, ukanyamaza."

"Maini ulikula na wewe."

"Sikujua nakula kiti changu."

Kinyozi akageuka kidogo, kisha akasema neno ambalo nadhani alikuwa ameliandaa tangu asubuhi, kwa jinsi lilivyotoka likiwa limenolewa. "Mama yako anapika hospitali zamu mbili. Mimi nimesimama kwa miguu hii mpaka mishipa imejitokeza kama mizizi. Umesomeshwa na vichwa vya watu. Na leo vichwa vimekimbia kwa ajili yako. Unaninyoa bila maji, mwanangu."

Sikupenda macho ya Kufuli wakati ule. Alitoa simu, akafungua ukurasa wa chuo, akafika mahali pa kuthibitisha, akamnyooshea.

"Haya. Bofya wewe."

"Mimi sijui mambo hayo."

"Hapo penye rangi nyekundu. Mtoto wa miaka miwili anaweza. Ila ujue, saa za ofisi zikiisha leo, hakuna kurudi. Bofya, baba, kama unaweza."

Alidhani hataweza. Mimi pia nilidhani hivyo, na mimi nimemwona mtu huyu akikataa kumnyoa mteja mwenye kidonda asije akamwumiza. Kinyozi alinyoosha kidole gumba, akabonyeza. Kidole kilijaa vumbi la nywele, simu ikakataa. Tulishusha pumzi wote wawili, mimi na binti. Kinyozi akakitazama kidole, akakifuta vizuri kwenye aproni, mbele na nyuma, akabonyeza tena.

Ng'ambo ya barabara, pasi ikaanza kusikika.

Wateja walirudi kama mvua ya masika. Dereva wa lori ndiye aliyetangulia, kaja kunyolewa ule upande wa pili.

"Kinyozi, habari za usalama?"

"Kaachana nao. Sasa anasomea akili bandia."

Muuza nyama akageuka polepole. "Bandia? Kwani zake zimekwisha?"

Nilisikia kicheko kile kikianzia kwenye miguu ya watu. Kioo kiliongeza ufa, naapa, unaweza kwenda kuuona. Watu walikuwa wameweka vicheko tangu siku ya sufuria na sasa vyote vilitoka kwa mpigo.

"Bibi yangu ana meno bandia," dereva akasema akijifuta machozi, "akipiga chafya yanatua kwenye mchuzi. Hiyo akili ikianguka barabarani anaokota nani?"

"Nywele bandia tumeona. Kucha bandia tumeona. Kope bandia tumeona. Kumbe na ndani wameingia!"

"Anaivua akilala?"

"Anailoweka kwenye glasi!"

Jina la Kufuli likafa siku hiyo. Akawa Bandia. "Bandia kaja!" walisema akitokeza mlangoni. "Bandia, mbili na mbili ngapi? Ngoja kwanza, umeivaa?" Alijaribu kueleza mara moja, akakumbuka kilichompata alipoeleza usalama, akaacha. Kinyozi mwanzoni alicheka nyuma ya taulo. Baadaye akacheka waziwazi. Mwishowe yeye ndiye akawa mwanzishaji: duka likipoa, wateja wakianza kupiga miayo, utamsikia, "Mnajua Bandia wangu kafanya nini wiki hii?" Na masikio yote yanasimama.

Chuoni mambo yalimwendea kombo. Akili bandia si ufundi wa makufuli; ni hesabu, makadirio juu ya makadirio. Siku moja alikaa nami kwenye benchi, wateja wakiwa bado hawajafika.

"Babu, kufuli ama limefunguka ama halijafunguka, sivyo?"

"Ndivyo nijuavyo."

"Huko kila kufuli limefunguka kidogo na limefungwa kidogo. Wananiambia niridhike. Siwezi kuridhika. Wenzangu wanaweza, mimi siwezi."

Alifeli masomo mawili, akawa anayarudia na watoto wa mwaka wa nyuma. Na kitu kingine nilikiona ambacho baba yake, mwenye kazi ya vichwa, alijifanya hakioni: tangu Ijumaa ile hakukalia tena kiti chake. Nywele zikaota, zikafunika masikio, zikashuka shingoni. Nyeusi, nyingi, hazijawahi kuona kitana.

Siku ya mwisho ninayotaka kuisimulia, dobi alimleta Pasi mwenyewe, akimwongoza kwa kiwiko kama bwana harusi. Kijana alivaa suruali ambayo mkunjo wake ungekata nyanya.

"Mnyoe vizuri, jirani. Kesho anaanza mafunzo kazini. Benki."

Duka lilijaa. Kufuli alikuwa ameingia kuchukua ufunguo wa nyumbani, akabanwa mlangoni na watu.

"Benki upande gani?" akauliza muuza nyama.

"Usalama," Pasi akasema. Alikuwa kijana mwema, hilo niliseme, mwenye moyo mweupe na akili ya kutosha tu kuvukia barabara.

Dereva wa lori akaanza kuinuka.

"Kaa, kaa!" dobi akacheka. "Usalama wa mitandao. Kulinda kompyuta za benki zisiibiwe. Mlidhani nini, watu wazima nyie?"

"Aaa! Kumbe ni huo!" Dereva akaketi. "Sasa si useme. Huo nao ni usalama wa kumtisha nani?"

"Kompyuta," muuza nyama akasema. "Kompyuta tu. Kazi nzuri hiyo, tena ya heshima." Akakunja uso. "Si ndiyo aliyokuwa akisoma Bandia?"

"Ndiyo hiyohiyo," Pasi akajibu kwa furaha, kichwa kimeinama, wembe ukipita nyuma ya sikio. "Mimi nilikosa, nikalia. Baba akaniambia nyamaza, Ijumaa haijafika, kiti kitapatikana, niachie mimi. Na kweli, Ijumaa ileile kikapatikana!"

Wembe ukasimama.

Ulisimama pale nyuma ya sikio, mahali ambapo ngozi ni nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Mimi nilijisogeza ukingoni mwa benchi. Nina umri huu, nimeona lifti zikikatika, lakini nilisema moyoni leo nitaona kitu. Kinyozi alimtazama dobi kwenye kioo. Akamtazama binti yake mlangoni kwenye kioo hichohicho. Akazitazama sura za wateja, zote, zilivyojaa mle ndani.

"Inamisha kichwa kidogo, mwanangu," akasema.

Akamaliza. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kuziona mikononi mwake. Akampaka spiriti, akampuliza poda, akampangusa shingo kwa brashi laini.

"Na wewe, kinyozi!" dereva akapasuka. "Ulivyokuwa ukitukonyeza! 'Hayo mengine siwezi kuyazungumza hapa!'"

Duka lote likacheka, dobi akiwa mbele. Na kinyozi akacheka. Kicheko kilianza kama pampu iliyokosa maji, kikakwaruza, kikakwaruza tena, kisha kikaja, kikamwagika pamoja na cha wenzake.

"Cheka, baba," Kufuli akasema. "Duka limejaa."

Akapenya katikati ya watu, akakalia kile kiti, bado kina joto la Pasi. Akalivuta shuka mwenyewe, akalifunga shingoni.

"Ninyoe."

"Mama, watu ni wengi. Njoo jioni."

"Ninyoe. Mimi ni mteja."

Kinyozi akaona bora alimalize upesi. Akanyoosha mkono kwenye bakuli la maji. Kufuli akamtangulia. Alilichukua bakuli kwa mikono miwili, taratibu, bila hasira, akalimwaga sakafuni.

"Bila maji," akasema.

"Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Ulinifanyia mbele ya nani?"

Kinyozi alitugeukia. Alitafuta jicho moja tu la kumsaidia. Muuza nyama alikuwa akisoma maandishi ya kopo la poda. Dereva alikuwa akitafuta kitu kwenye viatu vyake. Dobi akamshika Pasi mkono, wakaanza kusogea mlangoni.

"Kaa, dobi," Kufuli akasema bila kugeuka. "Bado hujaona kisogo."

Dobi akakaa.

Wembe mkavu kwenye nywele kavu una sauti yake. Ni kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Kinyozi alikokota, akasimama, akakokota. Binti hakukunja uso. Alimtazama baba yake kwenye kioo toka mwanzo hadi mwisho, na baba hakuwa na pa kuweka macho, maana kinyozi kazi yake ni kutazama kichwa, na kichwa ndicho hicho. Damu ya kwanza ilitokea juu ya utosi. Mkono uliojisifu miaka yote ukaongeza ya pili, na ya tatu. Zilishuka kwa mistari myembamba, zikaingia kwenye shuka jeupe. Unywele ulipoanguka, niliusikia.

Alipomaliza, Kufuli alijitazama, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, kama mteja anayekagua. Akaweka malipo mezani, kamili, kama anavyolipa mtu baki. Akachukua ufunguo kwenye msumari. Mlangoni akageuka, damu imefika kwenye nyusi, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya, wazee wangu," akasema. "Mwenzenu akinyolewa..."

Hakumalizia. Akatoka.

Methali ile hata mtoto wa chekechea anaimalizia, lakini hakuna aliyeimalizia. Muuza nyama alikuwa ameshika kichwa chake. Dereva ameshika cha kwake, pande zote mbili. Dobi ameweka kiganja juu ya upara aliojinyolesha mwenyewe. Na mimi, nisiye na unywele hata wa dawa, nikajikuta nalitazama lile bakuli. Lilikuwa tupu. Maji yote yalikuwa sakafuni, na nywele za Pasi na za Kufuli zikielea juu yake.